Bibi wa Mikeka na Sakafu ya Mpira

Nianze na sauti yake, maana ndiyo iliyokuwa inatangulia. Kabla hujamwona Bibi wa Mikeka ulikuwa umeshamsikia, akimkaripia kuku, akimsifu mbuzi, akiita walimu wa chuo chetu mmoja mmoja waje barazani kwake. Ukipita bila kusalimia, aliitikia salamu ambayo hukuitoa: "Marahaba, mwalimu! Marahaba sana! Na mie sijambo!" Hapo ulirudi mbio na shikamoo yako, wanafunzi wakikucheka. Mimi nilikuwa mgeni Kibiti, mwalimu wa Kiswahili niliyeajiriwa juzijuzi, na ua wa nyumba niliyopewa ulipakana na wake. Nilikosea siku ya kwanza tu. Sikukosea tena.

Kazi yake ilikuwa mikeka. Akina mama kutoka Ngorongo walimletea ukindu, yale majani machanga ya mkindu, naye akayachana, akayachemsha na rangi, akayaanika, akayasuka kuwa ukili mrefu, kisha akaushona ukili mstari kwa mstari mpaka mkeka utokee. Kusuka si kazi, alikuwa akisema. "Kusuka hata wewe nitakufundisha, pamoja na vidole vyako hivyo vya chaki." Kazi ni kukausha. Ukindu uliotoka kwenye rangi ukiuanika mchangani unashika vumbi, ukiuanika majanini unapata madoa, na ukichelewa kukauka unanuka hata mbuzi hakai karibu. Unataka mahali pagumu, pakavu, pa wazi, penye joto juu na chini. Kwa Kibiti ya miaka ile mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu, napo ni kiwanja chetu cha mpira wa kikapu, saruji tupu kutoka ringi hii hadi ringi ile.

Alianika hapo kabla sijafika mimi, na kabla hajafika Mkuu wa Chuo. Asubuhi wanafunzi wakiwa darasani, sakafu ilikuwa yake, imejaa majani ya kila rangi. Alasiri aliyakusanya, akafagia, akawaachia vijana wacheze. Kisha akakaa pembeni na ukili wake mapajani, akashangilia.

Ajabu ni kwamba miaka yote hiyo ya kukaa kando ya ringi haikumfundisha mchezo hata kidogo. Mpira ukigonga chuma ukatoka alipiga vigelegele, kwa hoja kwamba umefika. Mwamuzi akipiga filimbi alimuuliza kwa nini anakatiza watu starehe zao. Mchezaji akiudunda mpira muda mrefu alimwonea huruma: "Msaidieni mwenzenu jamani, si mnaona unamkimbia!" Nilijaribu kumfundisha pointi mbili ni nini na tatu ni nini. Alinisikiliza kwa adabu zote, akaniambia kuwa kwake yeye kila anayerusha amefanya kazi, na asilipwe mmoja zaidi ya mwenzake.

Kitu kingine cha kumjua nacho ni kikapu chake. Kilikuwa kidogo chenye kifuniko, na ndani alitunza vipande vya ukindu vilivyobaki, vingine vyeupe, vingine vya rangi. Jambo lolote dogo lililomchosha kuamua alilipeleka humo. Apike muhogo au wali? Amwite jogoo mpya jina gani? Aende harusi ya Kibiti au ya Ikwiriri, maana zote ni siku moja? "Tuone kikapu kinasemaje," alisema, akageuza uso pembeni, akaingiza mkono, akatoa. Wageni nao hawakusalimika. Ukisimama kuaga alikusogezea kikapu: ukitoa jeupe nenda zako, ukitoa la rangi unakaa unakula. Mimi nilikula kwake kuliko nilivyokula kwangu, na nilijiona mtu mwenye bahati sana.

Usidhani alikuwa mtu wa ramli. Ramli aliichukia, na mganga akipita njiani alitema mate upande wa pili. Jambo la kikapu lilimtia wasiwasi hata akaenda kumuuliza Maalim wa msikitini. Maalim alifikiri, akacheka, akamwambia hakuna ubaya ikiwa hadai kwamba anajua yaliyofichika. Basi tangu siku hiyo hakuingiza mkono kikapuni bila kutangaza kwanza, kwa ile sauti yake, kama mtu anayepiga hodi: "Mie sijui kitu!" Mtaa mzima ulizoea. Ukisikia Bibi hajui kitu, ujue anachagua mboga.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipofunguka. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya sabuni tulikuwa bado tunaingia dukani kwa wasiwasi, tukigusagusa vitu tuone kama ni vya kweli. Mitumba ilimwagika gulioni, na mchezaji wetu bora, kijana wa visiwa vya delta tuliyemwita Mrefu, alipata humo raba zake za kuchezea, ya kushoto nyeupe, ya kulia buluu, kwa kuwa mguu wake haukupata jozi. Bibi alipata rangi za pakiti. Zamani alikuwa na rangi mbili tu, ile ya gome la mkoko lililochemshwa na ile ya tope jeusi. Sasa duka la Mwarabu lilikuwa na zambarau, pinki, kijani, buluu, njano, nyekundu, machungwa! Alizinunua zote kwa mpigo, akawa anatembea na vidole vya rangi saba, akimwonyesha kila mtu.

Naye Mkuu wa Chuo alipata kikokotoo kinachotumia jua. Nisije nikamsema vibaya, alikuwa mtu mwema na mwalimu wa hesabu kwelikweli, mwembamba, mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Ila kikokotoo kile kilimlevya. Alikiweka mfuko wa juu, akakitoa kukokotoa chakula cha wanafunzi, mvua, urefu wa hotuba. Alikuwa na imani kwamba hakuna jambo chini ya jua ambalo haliwezi kupigiwa hesabu, na jua lenyewe lilikuwa linampa umeme.

Ugomvi wao ulianza na mashindano ya vyuo. Kila mwaka vyuo vinane vilikutana kwenye mpira wa kikapu, na mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia vilikutana kwetu. Timu ya chuo kimoja cha Dar iliingia kiwanjani, nahodha akainama chini ya ringi, akaona jani jekundu na jani jeusi, yamepishana. Akarudi nyuma akipiga kelele kwamba wametegewa dawa na hawachezi ng'o. Mgeni rasmi kutoka Utete yuko jukwaani anatazama! Bibi aliitwa. Alikuja anafuta mikono, akatazama yale majani, akamtazama yule kijana.

"Baba, hiyo si dawa," akasema. "Huo ni mkeka, haujawa tu."

Watu walicheka, vijana wakacheza, mambo yakaisha. Lakini kwa Mkuu hayakuisha. Aliona aibu ile kama madoa kwenye Kaunda yake. Mwaka uliofuata, tulipopewa tena uenyeji, alimwendea Bibi barazani, nami nikiwa hapo nimeshatoa jani la kula. Alisalimia vizuri, akakaa, akamwambia kwamba mashindano yakiisha ataweka uzio wa waya, na sakafu itakuwa ya mpira tu.

Sijapata kumwona Bibi akinyamaza namna ile. Bila sakafu hakuna ukindu mkavu, bila ukindu mkavu hakuna mkeka, na mikeka ndiyo iliyomlisha, ikamvisha, ikampa neno la kusema mjini. Halafu akauliza, taratibu kabisa: "Mkuu, hivi hesabu yako imekwambia nani atachukua kombe?"

Mkuu akang'aa. Alikuwa amekokotoa! Urefu wa wachezaji, ushindi wa nyuma, umbali wa safari. Alikwisha kuandika yote ubaoni kwenye chumba cha walimu, na kwa uaminifu wa hesabu aliandika kwamba chuo chetu kitatolewa mchezo wa kwanza, jambo lililowafanya wapishi wamnyime ukoko.

"Mie nami nitabashiri," Bibi akasema. "Kwa kikapu. Si ni mpira wa kikapu? Nikipatia, uniachie sakafu."

Mkuu alicheka kwa upole, akatoa kikokotoo, akakigeuzia jua. "Bibi yangu, michezo ni saba. Kuibahatisha yote saba bila kukosa, nafasi ni moja katika mia moja na ishirini na nane."

"Hiyo moja si ipo?"

"Ipo, lakini..."

"Basi naitaka hiyohiyo."

Wakakubaliana mbele yangu na mbele ya jogoo. Akipatia yote saba, sakafu ni yake mpaka Mkuu astaafu. Akikosa hata mmoja, anaondoka na hasemi tena. Nadhani Mkuu aliona amepata njia ya kumfukuza mzee bila kumfukuza.

Bibi alitoa ubashiri wake hadharani, barazani kwake, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta wa choo. Kila chuo kilipewa rangi yake. Morogoro pinki, Tanga njano, Dar zambarau, na kadhalika. Chuo chetu peke yake hakikupata rangi ya pakiti, kilipata ile ya zamani ya gome la mkoko, rangi ya chai iliyokolea. "Wageni wapewe za dukani," alisema. "Wa kwetu wapate ya kwetu." Kwa kila mchezo alitia kikapuni majani mawili, akageuza uso, akapaza: "Mie sijui kitu!" Akatoa. Linalotoka ndilo linaloshinda, linapanda kwenye mchezo unaofuata. Mkoko ukatoka mchezo wa kwanza, vigelegele! Mkoko ukatoka nusu fainali, watu wakarushiana kofia! Ikabaki fainali, mkoko na zambarau, sisi na Dar. Aliingiza mkono, akakaa nao humo kidogo, akatoa.

Zambarau.

Baraza lilipoa. Mpishi mmoja akamwambia arudie, akakataa katakata, akasema kilichotoka kimetoka. Akausuka ubashiri wake kuwa mkeka, kila mchezo na ukili wake wa rangi ya mshindi, ukili wa zambarau katikati, na kabla timu ya kwanza haijashuka kwenye lori, mkeka ulikuwa umetundikwa kando ya kiwanja ambapo kila mtu anauona. Siku hizi vijana wanaobeti mechi za Ulaya huuita ubashiri wao mkeka. Wakilalamika kwamba mkeka umechanika huwa nacheka peke yangu.

Siku ya kwanza michezo minne, na mimi ndiye niliyekuwa naandika pointi ubaoni, kazi niliyopewa kwa sababu ya mwandiko, maana mchezo wenyewe nilikuwa naufahamu kumzidi Bibi kidogo tu. Pinki ikashinda, kama mkeka. Njano, kama mkeka. Zambarau, kama mkeka. Sisi nasi tukashinda, Mrefu akiokota mipira juu ya vichwa vya watu kama anaangua mapapai. Minne kwa minne! Ubashiri wa Mkuu ulikuwa umepatia mmoja. Aliketi amekishika kikokotoo, akikibonyeza na kukitikisa, akilitazama jua.

Nusu fainali ikaja, na Kibiti haikulala mchana wala haikupika. Watu waliacha mashamba Dimani wakaja na baiskeli, si kutazama mpira, kutazama mkeka. Kila filimbi ya mwisho ilipolia vichwa viligeuka kwanza kwenye ukili. Dar wakashinda. Sisi tukashinda. Sita kwa sita! Nilirusha chaki juu, ikamwangukia mwamuzi. Wachuuzi wawili wakaanza kuuza majani ya ukindu ya bahati, Bibi akawafukuza na ufagio wake mwenyewe, akipiga kelele njia nzima kwamba hajui kitu, hajui kitu, hajui kitu! Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kumwamini.

Ndipo sote tukapiga hesabu ambayo haikuhitaji jua. Kesho ni sisi na Dar. Mkeka unasema Dar. Dar wakishinda, Bibi amepata yote saba, sakafu ni yake. Sisi tukishinda, kombe letu la kwanza, na Bibi anaondoka.

Nilikwenda mazoezini asubuhi nikakuta hakuna anayefanya mazoezi. Vijana wamekaa chini, Mrefu ameinamisha kichwa. Tangu waje chuoni Bibi ndiye aliyewashonea jezi zilizochanika na kuwaita kwa jina kila wakirusha. Mmoja alikuwa anasema kwamba kombe ni la mwaka mmoja tu. Hakumaliza, maana Bibi mwenyewe aliingia, khanga kiunoni, bila ukindu.

"Nasikia mnataka kunipa sakafu," alisema. "Nani kawaomba?"

Vijana wakatazamana.

"Sikilizeni, wajukuu zangu. Atakayecheza kivivu kwa ajili yangu asinipe shikamoo tena. Akinipa, nitaiitikia kwa mwingine. Mmesikia?"

"Tumesikia, Bibi," wakasema, lakini kwa sauti ya watu waliosikia tu.

Fainali yenyewe sitaweza kuieleza ipasavyo, kwa sababu nusu yake niliandika pointi za Dar upande wetu na za kwetu upande wa Dar, hadi nahodha wa Dar, yuleyule wa dawa, akaja kunisahihisha kwa heshima. Tulikuwa tunafukuzana. Wanaongoza, tunawapata, tunaongoza, wanatupata. Bibi alisimama mstarini, sauti imeshaanza kukauka, akiwaita wote, wetu kwa majina na wa Dar kwa rangi za viatu. Mwishoni kabisa tuko sawa, imebaki pumzi moja ya mchezo, Mrefu anaruka kurusha na mtu wa Dar anamkata mkono. Filimbi. Mitupo miwili, hakuna wa kumzuia.

Mrefu akasimama mbele ya ringi na raba zake mbili zisizofanana. Akaudunda mpira. Akatazama mkeka. Akarusha, mpira ukagonga chuma ukatoka.

Safari hii Bibi hakupiga vigelegele. Miaka yote ile, na siku hiyo ndiyo ameelewa! Aliingia kiwanjani, mwamuzi anampigia filimbi, yeye anakwenda tu, akafika akamtazama Mrefu kutoka chini huko aliko.

"Umeukosa, au umeniachia?"

Mrefu akatazama raba zake. "Bibi, sakafu yako..."

"Sakafu haili, hailali njaa. Mie nitaanika hata juu ya paa. Nimekupigia makelele tangu umekuja hapa hujui kufunga kamba, leo ndo unaninyima? Tia, mwanangu. Tia, nami nikuone."

Mwamuzi akamshika mkono, "Bibi, tafadhali," akamtoa. Mrefu akapangusa uso kwa jezi. Akarusha, na mpira ukapita katikati ya ringi bila kugusa kitu.

Sijui nilimkumbatia nani. Kikokotoo kilimruka Mkuu mfukoni, Mkuu mwenyewe akiwa hewani, Kaunda imechomoka. Bibi alikuwa wa kwanza kufika katikati ya kiwanja, anacheza, anarusha khanga, analia na kucheka kwa pamoja, na alipoona wapiga picha wamekuja akaenda kuuangua ule mkeka, akautandika, akawakalisha mabingwa juu yake. Picha ipo hadi leo. Kombe limewekwa palepale katikati, juu ya ukili wa zambarau.

Kesho yake hakuja kuanika. Alikuwa ameahidi mbele yangu na mbele ya jogoo, na ahadi yake ilikuwa ngumu kuliko saruji. Alianika kando ya barabara, kwenye majani, na malori yaliyokuwa yanakimbilia kivuko cha Ndundu yakamnyunyizia vumbi kutwa. Mikeka ikatoka na madoa. Wateja wakaanza kuikunjua mara mbili kabla ya kuulizia. Wanafunzi walimsihi, mimi nilimsihi, akatuuliza kama tunataka afe muongo. Aliendelea kuja alasiri kushangilia, lakini alisimama nje ya mstari na hakuikanyaga sakafu hata kwa kidole.

Aliyeumia zaidi alikuwa Mkuu. Uzio hakuuweka. Nilimwona asubuhi akiizunguka sakafu ile safi, tupu, mikono nyuma. Siku moja akaja barazani na kikapu, si cha Bibi, chake, kipya kutoka gulioni, na watu wakamfuata.

"Bibi," alisema, "michezo saba ilikuwa mingi. Nilikuonea. Leo tufanye mmoja tu. Humu mna majani meupe na ya mkoko, sawa kwa sawa. La mkoko likitoka, unarudi sakafuni. Jeupe likitoka, sitakusumbua tena. Nafasi ni nusu kwa nusu."

Bibi alimtazama sana. Kisha akageuza uso, akapaza sauti ikasikika sokoni: "Mie sijui kitu!" Akaingiza mkono, akatafuta, akatafuta, mpaka sisi tukaacha kupumua. Akatoa la mkoko.

Tulimbeba! Tulimbeba yeye na ukindu wake mbichi, rangi ikitutiririkia mashatini, tukaanika wote, Mkuu naye, Kaunda ikapata doa la pinki ambalo halikutoka kamwe. Hakuliondoa. Alikuwa akiwaonyesha wageni.

Nilihamishwa baadaye, nikakaa mbali miaka mingi. Nilirudi daraja likiwa limeshajengwa na malori hayasubiri kivuko tena. Nikaelekezwa Dimani, kwa binti yake. Kabla sijaona nyumba nilisikia, "Marahaba, mwalimu!" nami sikuwa nimefungua mdomo. Macho yake yalikuwa yamefifia, alinijua kwa mwendo. Alikuwa anasuka, vidole vinakimbia vyenyewe, na nilishangaa kuona rangi zote zimekaa mahali pake.

"Unazionaje, Bibi?"

"Sizioni. Za dukani ni laini. Nyeupe inateleza. Ya mkoko inakakamaa, hata ukiwa usingizini unaijua." Akacheka. "Siku ile ya Mkuu, mkono kuingia tu nikajua kajaza mkoko mtupu. Hakuna hata jeupe moja. Kayaokota pembezoni mwa sakafu, masikini, moja moja. Nusu kwa nusu gani! Nikamwonea huruma, nikajifanya natafuta."

Nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Halafu nikavitazama vidole vyake.

"Bibi. Kumbe uliweza kuijua ya mkoko kwa vidole."

"Ndiyo."

"Na chuo chetu kilikuwa mkoko."

Akaendelea kusuka. Binti yake alisimama mlangoni na sufuria, akitusikiliza.

"Michezo ya kwetu tu," alisema hatimaye. "Mingine yote wallahi sijui kitu. Ya kwetu niliitoa mara ya kwanza, nikaitoa ya pili. Ningewaangushaje wanangu?"

"Na fainali? Uliishika ukaiacha?"

"Niliishika." Uso wote ulikuwa unang'aa kwa furaha ya kusema. "Nikawaza, ikifika huko Mungu akipenda, wakishinda wao nitapata sakafu. Wakishinda wetu nitapata kombe. Mie ni mtu mzima, mwalimu, sibaki mikono mitupu. Nikaiachia."

"Na kila mara ukatutangazia kwamba hujui kitu!"

"Rangi nilijua. Mshindi sikumjua. Wewe ulimjua?"

Niliaga, jua limeshapanda na safari bado. Bibi alipapasa nyuma yake, akatoa kikapu kilekile, kifuniko kimeshonwa upya, akakisogeza mbele yangu. Jeupe nenda zako, la rangi unakaa unakula. Binti yake akaingia ndani kuongeza maji kwenye wali, kabla sijagusa.

Niliingiza mkono. Nilitafuta huku na huku, chini, pembeni, kwa vidole vyangu vya chaki. Yote yalikuwa yamekakamaa.

"Mimi sijui kitu," nikasema kwa sauti, nikatoa.